Rubani wa Kapsoit na Programu Isiyouliza

Habari za kifo chake nilizipokea kwa simu ya ofisini, kutoka kwa binamu yangu wa Kericho ambaye hajui kuzungukazunguka. "Yule mzee wako wa ndege ameanguka," alisema. Nikauliza kama ameumia sana. "Ameenda, bwana." Marehemu alikuwa mkulima wa majani chai huko Kapsoit, mwenye ng'ombe wachache wa maziwa na ndege kuukuu ya viti vinne, aliyoipenda kuliko alivyokubali mbele ya mkewe. Siku hiyo ndege ilikimbia kiwanja chote cha shamba la chai alikokuwa akiiegesha, ikainuka kidogo, ikashindwa kuivuka miti ya blugamu iliyo mwisho wa kiwanja. Alikuwa peke yake, na nyuma yake magunia ya viazi ya kumpelekea bintiye Nairobi.

Hatukuwa marafiki hasa. Alikuwa msomaji wa safu hii ya gazeti, na tulipojuana alizoea kunipinga kwa sauti kubwa popote tulipokutana. Basi nilishangaa aliponiita nyumbani kwake nimsaidie kuchagua programu ya kupangia safari za ndege. Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kama televisheni kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Rubani mwenzake wa Nairobi alikuwa amemwazima disketi za programu mbili ajaribu, kisha anunue moja. Ya kwanza ilikuwa maandishi matupu kwenye kioo cheusi. Iliuliza uzito wa mzigo, joto, upepo na kimo cha kiwanja kutoka usawa wa bahari, na ukiacha swali moja ilikataa kuendelea. Ya pili ilichora ramani ya rangi, na hata ukiruka maswali ilikupa jibu lililokamilika.

"Weri," aliniambia, maana kwake kila kijana alikuwa weri, "hii ya kwanza inauliza maswali kama mama mkwe. Mimi naoa hii ya pili."

"Hapo kwa kimo cha kiwanja hujajaza kitu, mzee. Ikikosa jibu inaweka nini?"

"Inajua yenyewe. Imetengenezwa na watu wamesoma kukushinda."

"Inajua aje kama hujaiambia?"

Mkewe, aliyekuwa akitumiminia chai, akasema, "Jaza, mzee. Si ni namba tu?"

"Sasa nyinyi wawili mmeungana? Nimeruka hapa miaka yote bila kompyuta. Nitajaza baadaye." Akabonyeza, karatasi ikatoka, akaipunga hewani kama mtu aliyeshinda kesi.

Alikuwa na haki ya kujisifu. Miaka hiyo yote aliruka asubuhi, hewa ikiwa baridi na nzito, na mzigo aliupunguza kwa woga wake mwenyewe. Siku ya ajali wageni wa kanisa walimchelewesha hadi adhuhuri. Akatoka mbio kuiwahi mvua, wakati wa lile jua kali linalotangulia mawingu yetu. Mkewe anasema alimwomba ashushe gunia moja, naye akamjibu kwamba kompyuta imesema nafasi bado ipo.

Baada ya mazishi mama huyo aliniomba niiwashe ile mashine. Kile kimo hakikuwa kimejazwa. Nilijaribu mwenyewe, nikaona kwamba pasipo jibu programu huweka sufuri, kana kwamba chai yetu inaota ufukweni Mombasa. Sisi tuliozaliwa huku juu hatuhisi kwamba tuko juu. Ardhi hii kwetu ni ardhi tu. Ndege ndiyo huhisi, kwa maana hewa yetu ni nyepesi, na joto likipanda huwa nyepesi zaidi, na hewa nyepesi haiinui mzigo inaouinua hewa ya pwani. Sijui wachunguzi wataandika nini. Ninachojua ni kwamba mtu mwerevu aliletewa vitu viwili, akakichagua kile kisichomsumbua.

Ningekuwa na raha kidogo kama ningeweza kusema huo ulikuwa udhaifu wake peke yake. Lakini pale kaburini mhubiri alitwambia Mungu alikuwa amepanga, na umati ukaitikia amina, kwa sababu mpango wa Mungu hauhitaji kuulizwa. Mwanasiasa aliyefuata aliahidi barabara, na hakuna aliyemuuliza ile aliyoahidi mwanzo iko wapi. Tumesubiri mageuzi miaka mingi na tumepiga kura kwa vyama vingi, lakini bado tunampenda anayetupa jibu kabla hatujamaliza kumweleza tatizo. Anayeuliza tunamwita mkorofi. Nami sijidanganyi kwamba kuuliza kunatosha: swali langu lilikuwa sahihi, na mzee amelala kwenye udongo mwekundu.

Jioni hiyo, tulipokuwa tukiondoka nyumbani kwa marehemu, bwana mmoja mwenye ndege yake alimsogelea mjane. "Pole sana, mama," alisema kwa upole. "Ile programu ya mzee, kama hamtaitumia, naweza kuichukua? Nasikia ni rahisi sana." Nilimshika mkono pembeni nikamweleza yote, tangu sufuri hadi blugamu. Alinisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akasema, "Lakini huyo alikuwa amezeeka." Kisha akarudi kwa mjane, na mjane akampa. Msomaji wangu, watu husema kifo ni mwalimu. Mimi nimekiona kikifundisha, na darasa zima limekaa kimya likingoja kengele.