Boneti la Debe la Wakfu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kutosha kukosea, kutubu na kusimulia.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, gari la Kimarekani liliharibika kando ya barabara ya Morogoro, karibu na hapa panapoitwa Picha ya Ndege. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, boneti refu kama kitanda. Dereva alipokwenda kutafuta maji ya rejeta, mimi na kaka yangu Shomari tulilipima kwa kamba, tukipiga fundo kila pembe. Yeye alishika ncha moja, mimi nyingine.

Mwaka ule tulikuwa tumehamishwa kutoka Kisarawe kuja kijiji kipya cha ujamaa huku Pangani, jirani na Picha ya Ndege. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza useremala, na sikuwa na rafiki ila Shomari. Naye akaenda Dar es Salaam kuwa utingo wa lori. Aliniambia nilichonge lile gari kwa mfano mdogo, akirudi alikute.

Nikaanza. Kila futi ya kamba niliifanya inchi moja. Mwili niliuchonga kwa mti wa msufi, magurudumu nikayakata kwenye kandambili mbovu, taa zikawa vifungo vya koti. Kwenye kibao cha namba niliandika SHOMARI. Vijana wenzangu walinipitia twende mpirani, nikanyamaza ndani mpaka wakachoka kuniita.

Boneti ndilo lililonishinda. Ubao ulipasuka mara mbili. Nilitaka bati laini, na lililokuwapo ni la debe la maji ya udhu, ambalo mama mmoja mjane aliliweka wakfu msikitini. Nililichukua baada ya adhuhuri, watu wakiwa shamba la kijiji, nikalikata boneti.

Alasiri ile muadhini wetu, Mzee Pazi, aliyekuwa na mguu mbovu, alikwenda kisimani mara tatu na kibuyu ili watu watawadhe. Nilimwona kupitia ufa wa ukuta. Nikaendelea kupiga msasa.

Kesho yake alikuja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa chini na kulishika gari. Alifungua mlango, akaufunga, akauliza kama linakula petroli nyingi. Kisha kidole chake kikapita juu ya boneti, kikasimama palipokuwa na alama ya mpini wa debe.

"Gari zuri, mjukuu wangu," alisema. "Ila limebeba udhu wa watu."

Akauliza kwa nini najifungia. Nikamwambia namngoja kaka.

"Basi mngojee kisimani. Kule watu wanapita."

Nilichota maji ya msikiti kila alfajiri kwa ndoo ya mama yangu, hadi debe jingine lilipopatikana. Hapo kisimani ndipo nilipojua majina ya majirani zangu. Shomari hakurudi, wala barua hatukupata. Gari liko juu ya kabati, boneti limeshika kutu. Kamba pia ninayo. Siku nyingine naikunjua chumbani, ncha moja mkononi, nyingine sakafuni.

Mwanangu, ukimkosa umpendaye, usizibe pengo lake kwa haki ya wengine, hata kama hakuna akuonaye. Na usijifungie na huzuni. Ipeleke penye watu, uwafanyie kazi, hata kama haitaisha. Yangu haikuisha, lakini iliacha kuwadhulumu wenzangu.

Mungu akujaalie mtu wa kukushikia ncha ya pili. Na siku akimchukua, akupe subira na majirani wa kukuita kwa jina lako. Amina.