Panga Lililolala Jikoni

Tangu habari ilipovuka feri kutoka Timbwani, kule Likoni, ikafika kwake Magogoni, Kanze hakukaa kitako. Akiketi, huinuka. Akishika ufagio, huuacha katikati ya ua. Akiwasha moto wa kufulia, huutawanya kwa koleo kabla chuma hakijaiva. Habari yenyewe ilikuwa fupi: mapanga ya Kiponda yanavunjika, na Kiponda anawaambia watu kwamba aliyeyaroga ni Kanze.

Kiponda alikuwa mumewe. Walifua chuma pamoja tangu ujana, mume kwenye nyundo na mke kwenye mivukuto, wakigeuza springi za malori yaliyokufa kule Changamwe kuwa mapanga ya wakulima na wakwezi. Halafu Kiponda akampata Eddah, akahamia Likoni, na siku ya kuhama akabeba fuawe, nyundo na koleo zote. Kanze aliachiwa watoto, na mivukuto iliyotoboka.

Hakulia mbele ya mtu. Alitafuta kipande cha reli, akakichimbia chini kikawa fuawe, akajifunza kupiga nyundo huku majirani wakimcheka na kumwuliza kama sasa atafuga na ndevu. Kicheko kilikwisha walipoyaona mapanga yake. Panga la Kanze ukilipinda kwenye panda ya mti hurudi lilivyokuwa. La Kiponda ukiligonga hulia kama kengele, hata tupa huteleza juu yake, na siku moja, bila kuaga, hukatika vipande viwili.

Kanze alijua kwa nini. Ndiyo maana hakuweza kutulia.

Alipoolewa, mavyaa wake, mamake Kiponda, alimfundisha kwamba panga jipya halitoki nyumbani kabla halijalala jikoni. Likishaiva kwenye moto mkali na kuchovywa katika oili chafu, mke wa mhunzi hulichukua, hulisugua kwa mchanga mpaka ling'ae, kisha hulilaza juu ya jivu la moto kando ya chungu. Panga lazima lionje jiko la nyumba, mavyaa alisema, ama litamkata bwana wake. Kiponda aliyaita hayo mambo ya wanawake. Kila akimaliza kuchovya alimtupia mkewe panga, akaenda zake kunywa mnazi. Kwake yeye kazi imekwisha. Hakuuliza hata mara moja kinachotendeka jikoni.

Lakini Kanze alikuwa na macho. Aliona chuma kinavyogeuka juu ya lile jivu: kwanza rangi ya asali, kisha kahawia, kisha zambarau kama shingo ya njiwa, na hapo ndipo pa kukitoa. Siku moja alikitoa mapema kwa sababu mtoto alikuwa akilia, na panga lile likarudishwa limekatika. Tangu hapo alijua kwamba si baraka tu. Chuma kilichotoka kwenye oili kina hasira, na jivu ndilo linalokibembeleza. Eddah hakupata mavyaa wa kumfundisha, maana bibi kizee alikuwa amekwisha kufa. Tena alipikia gesi. Basi mapanga ya Likoni yalitoka na hasira zao.

Mwanzoni habari za mapanga kukatika zilimfurahisha. Alizipokea kama mtu aliyeletewa posho yake iliyochelewa. Kisha Masha, mkwezi wa Mwakirunge, akawa anapasua nazi, panga la Kiponda likakatika, na kipande kikamrukia mkononi. Furaha ya Kanze ikaingia shubiri. Na Kiponda, kwa kuogopa lawama, akataja uchawi.

Neno hilo likimgusa mwanamke aliyevuka makamo halitoki tena. Hukaa kama utomvu wa korosho, kila akijisugua ndivyo linavyozidi kumchoma. Kanze aliwajua wanawake waliohama vijiji vyao kwa ajili ya neno hilo, na wengine waliouawa kabla hawajahama. Akisema anachokijua, atatakasika, lakini atampa Kiponda kitu kimoja tu cha maana ambacho hakukibeba siku ya kuhama. Akinyamaza, kitu atabaki nacho, na neno pia atabaki nalo. Aliligeuza jambo hilo huku na huku mpaka akaunguza ugali, na watoto wakaula hivyo hivyo.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Karisa aliwaita wote nyumbani kwake Mwakirunge. Karisa ni kaka mkubwa wa Kiponda, na maneno ya ukoo huishia kwake. Masha alikuja na mkono wake umefungwa kitambaa. Kiponda alikuja na Eddah, pamoja na mzigo wa mapanga yaliyokosa mnunuzi, kama ushahidi. Kanze alipewa kiti, akasimama.

Kiponda alisema kwa kirefu. Alieleza kwamba chuma ni kile kile, moto ni ule ule, mkono ni ule ule uliofua tangu zamani bila lawama. Kilichobadilika ni moyo wa mtu mmoja tu, na mtu huyo anajulikana. Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza kama mganga ameshatazamia.

"Mama Ruwa," Karisa alimwambia Kanze, "umeyasikia. Wasemaje?"

Kanze alikuwa amejiandaa kunyamaza. Njia nzima alijiambia kwamba atanyamaza, wamwite watakavyo. Kisha akamwona Masha akijaribu kupokea kikombe cha chai. Kidole gumba hakikusogea. Mkewe ndiye aliyemshikia kikombe, na Masha akatazama pembeni kwa haya. Mkwezi asiye na gumba atakwea na nini?

"Shemeji, jikoni kwako kuna moto?" Kanze akauliza.

Hakungoja jibu. Alichomoa panga moja katika mzigo wa Kiponda, akalisugua kwa mchanga wa ua mpaka likang'aa, akaingia nalo jikoni na kulilaza kwenye jivu. Watu wakasongamana mlangoni. Angeweza kuusukuma mlango ukajifunga. Mkono wake ulishaufikia. Aliuacha wazi, akamtafuta Eddah kwa macho.

"Sogea uone. Huyu mumeo hatakufundisha."

Eddah akasogea, akachuchumaa. Kanze alimwonyesha rangi moja baada ya nyingine, kwa sauti kavu, bila kumtazama usoni. Zambarau ilipofika alilitoa, akaliacha lipoe lenyewe. Kisha alilichomeka katika ufa wa gogo la mnazi, akalikalia kwa uzito wake wote. Panga likapinda kama upinde, likarudi. Akachomeka jingine, ambalo halijalala jikoni. Lilikatika kwa mlio mkali hata kuku wakatawanyika.

Kisha Kiponda akacheka kidogo, akajifuta uso.

"Hayo mamangu aliyafanya kila siku. Nilisahau tu."

Watu wakaitikia, wengine wakamshukuru Mungu. Karisa akasema uchawi haupo, kila mtu arudi kwake kwa amani, na Mungu amrehemu mama yao kwa kuwaachia wanawe ufundi kama huo. Jina la Kanze halikutajwa na yeyote.

"Hukusahau," Kanze alisema. "Hukujua. Mtu hasahau asilolijua."

"Maneno ya jikoni hayo, mama," Kiponda akasema.

"Maneno hayo ya jikoni ungeyasikiliza," Masha akamjibu Kiponda, "mimi leo ningeshika kikombe changu mwenyewe."

Akainuka, akaliokota kwa mkono mzima lile panga lililopinda likarudi, akalipima uzito wake. Hakumwomba Kiponda ruhusa. Alimgeukia Kanze akamwuliza, mkono ukipona akahitaji jingine, amfuate wapi.

"Magogoni. Na springi ulete mwenyewe, mimi sina mume wa kunibebea."

Ua mzima ukacheka, hata Karisa. Kanze hakucheka. Alikuwa ameshaishika njia, anatembea upesi kama anayefukuzwa, huku nyuma yake akimsikia Eddah akimwuliza mke wa Karisa jivu linafaa liwe la kuni gani. Hata hilo alitaka kurudi kumjibu. Alikaza mwendo.