Mabano Yaliyochafua Ukurasa

Pale kiwandani walimwita Bwana Nadhifu, na jina likamkaa, maana mwenyewe alilipenda kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu kwenye kompyuta kabla havijaenda mtamboni. Ukurasa ukikamilika aliubandika ukutani, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akafumba jicho moja. Chochote kilicholichoma jicho la pili, kwisha habari yake.

Basi akaletewa kitabu cha hesabu. Lahaula! Mabano kila mahali, ya duara ndani, ya mraba nje.

"Mabano juu ya mabano," akawaambia wenzake, "si ni kuvaa kofia mbili huko?"

Wakacheka, naye akadhani wamemkubali.

Mwalimu aliyetunga kitabu alizipitia kurasa zote, akatia sahihi. Tajiri wa kiwanda akaahidi: shule zikikitumia muhula mzima bila lalamiko, Bwana Nadhifu ndiye mkuu wa chumba cha kupangia kurasa. Mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake kulala. Yeye akarudi mlangoni, akafumba jicho, akaona zoezi la tatu limebanana, akafuta mabano yote ya mraba. Hakuuliza mtu. Bingwa mzima aulize nini?

Muhula ukawa unakaribia kwisha, hakuna aliyelalamika. Bwana Nadhifu alikwisha anza kuitikia salamu kwa kidevu. Jioni moja binti yake akamletea daftari sebuleni.

"Baba, hebu nisaidie. Ishirini na nne toa tisa, halafu toa mabano, tano toa mbili. Nimefuata utaratibu wa magazijuto, nimeanza na mabano, napata kumi na mbili. Jibu la nyuma ya kitabu ni kumi na nane."

Akakitazama kitabu. Zoezi la tatu. Mwalimu mtunzi alikuwa ameifunga ile tisa na wenzake ndani ya mabano ya mraba, wapunguzwe kwanza wao kwa wao, ibaki sita ya kutoa kwenye ishirini na nne. Sasa palikuwa peupe, pasafi, panapendeza. Akajua kosa ni lake. Akikiri, mtoto atasema darasani, darasa litamfikia mwalimu, mwalimu atamfikia tajiri, na cheo kitaota mbawa.

"Kitabu hakikosei," akasema. "Rudia."

Akarudia. Kumi na mbili. Akarudia tena, machozi yanamlengalenga.

"Kwa hiyo mjinga ni mimi, baba?"

Akaimeza aibu yake.

"Hesabu si ya kila mtu, mwanangu. Kila mja na kipaji chake."

Binti akainamisha kichwa. Akachukua kifutio, akaifuta kumi na mbili yake pamoja na njia yote aliyoipata kwayo, akanakili kumi na nane.

"Haya, umeona?" akasema Bwana Nadhifu. "Ukitulia unaweza."