Riwaya ya Vipande Vinane na Ufagio wa Choo

Nyumba zetu nane, katika mtaa wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, huko Eastlands, zilitumia choo kimoja. Kila nyumba ilikuwa na wiki yake ya kukiosha. Naanza na choo kwa sababu bila choo hutaielewa riwaya.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mpiga chapa wa barua katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Siku moja nilinunua kandokando ya barabara kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Ndani yake tajiri mmoja alimteka mchumba wa ndugu yake, akamfungia ghorofani. Kufikia ukurasa wa thelathini, msichana alikuwa anasikiliza hatua za mtekaji ngazini, na si kwa woga peke yake.

Nilimsimulia jirani yangu, mke wa mfanyakazi wa reli.

"Shemeji yake?" akauliza.

"Shemeji yake kabisa."

"Na anampenda?"

"Bado anakataa."

"Kata hiyo kitabu, dada. Mimi siwezi ngoja umalize."

Akaleta kisu cha jikoni, tukakigawa vipande vinane. Siku mbili baadaye karibu wanawake wote wa ploti yetu walikuwa mlangoni pake wakivitaka, naye akatunga sheria: anayeosha choo ndiye anayesoma. Choo mara moja, kipande kimoja.

Zamu za wiki zikafa. Choo kikawa kinaoshwa mara tatu kwa siku, na kwa ugomvi.

"Jana umeosha asubuhi na jioni. Sisi tuoshe nini, ukuta?"

"Kama unachelewa kuamka, hiyo ni maneno yako na bwana yako."

Bwana afya wa kanjo alikuja na daftari, akanusa dawa, akauliza kwa upole ni nani ameshikwa na kipindupindu.

Watu huniuliza kwa nini wanawake wa kanisa walipenda hadithi chafu kiasi kile. Jaribu kuliona hivi. Wanaume wa kutisha tuliwajua. Hawakuwa wageni kwetu. Lakini huyu wa kitabuni ungeweza kumsukuma chini ya godoro, ukamenya viazi vyako, ukamrudia ukitaka. Hofu unayoweza kuifunga kwa mkono wako mwenyewe inageuka starehe. Kama nawe unacho kimoja chini ya godoro, usijione mwovu.

Tabu yangu ilikuwa moja: nilitoka kwenda kazini alfajiri na kurudi nikakuta sakafu imeshaoshwa. Mwenye kitabu nikawa wa mwisho. Nilipofika kipande cha sita, nilidanganya kazini kwamba naumwa tumbo, nikabaki nyumbani kuosha choo. Nikapata cha saba. Kiliishia msichana ameiba ufunguo, amesimama mlangoni, na mwanamume yuko chini ya ngazi.

Nikaosha tena mbio mbio. Jirani akaniambia cha nane hakipo. Mtu alikisahau ndani ya debe la deki, na mwalimu wa nyumba ya mwisho amekichukua.

Mwalimu alikuwa amestaafu, na alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Kwa heshima, zamu zake zilikuwa zikifanywa na wengine miaka mingi. Nilimkuta mezani.

"Takataka hii ni yako?"

"Ni yangu, mwalimu."

"Nitaichoma." Lakini miwani yake ilikuwa imelala juu ya ukurasa uliofunguliwa. "Huyu aliyemfungia ni mumewe?"

"Shemeji yake."

Alikaza kitambaa chake kichwani. "Nani alimruhusu kuingia nyumba hiyo?"

"Hiyo iko katika kipande cha pili."

"Kilete."

"Mwalimu, kuna sheria."

Nikamweleza sheria. Akafikiri, akasema mwisho hanipi mpaka aufikie mwenyewe kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma.

Kesho yake alitoka amevaa gambuti. Wanawake walisimama milangoni wakimtazama. Aliosha asubuhi saba, na hakuna aliyethubutu kugombea ufagio. Siku hizo zote msichana wangu alibaki amesimama mlangoni. Kazini niliandika neno "ufunguo" katika barua ya kuagiza mabati.

Siku ya nane mwalimu alinipa kipande. Nilikisoma nimesimama bombani. Mahali pa karatasi ya mwisho palikuwa pameshonwa, kwa uzi mweusi, karatasi ya daftari iliyoandikwa Kiswahili kwa wino mwekundu. Msichana alifungua mlango, akatoka, akamfungia mwanamume ndani, kisha akampitishia ufagio dirishani na kumwambia choo cha ghorofani ni zamu yake mpaka atakapomwomba ndugu yake msamaha. Chini yake mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema.

"Mwalimu, karatasi yenyewe iko wapi?"

"Nimeichoma. Msichana alibaki naye."

"Kwa nguvu?"

"Na ufunguo mkononi." Alitazama choo, kisha akanitazama. "Unapita mjini Jumamosi?"

"Napita."

"Uangalie kama wauza vitabu wana chenye padri. Hicho usikikate. Nitaanza mimi."