Saa Yangu ya Kufunga Mdomo

Kwenye parsele yetu hapa Uvira tuko nyumba nne zinazotazamana, uwanja mmoja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mtu akiamka, kitu cha kwanza si kunawa uso. Ni kusalimia. Unamsalimia kila unayemkuta, unauliza kama alilala vizuri, naye anakuuliza habari za mgongo wa mama yako, na unapofika chooni jua limekwisha kutoka.

Mimi ninashona. Nilianza kujifunza nilipoacha shule, na leo niko na mashine yangu ya kukanyaga kwa miguu. Ndoto yangu ni ateliye ya kushonea yenye mlango wa kioo kwenye barabara kubwa, watu wapite wasimame. Kwa ajili ya ndoto hiyo nikajipangia asubuhi mpya. Niliona video kwenye telefone: jamaa mmoja wa mbali, kravati imembana shingo, anasema anayetaka kufanikiwa asifungue mdomo saa ya kwanza ya siku, asipoteze nguvu zake kwa maneno. Nikaamini. Mimi ninaongea sana, kila mtu anajua, na nikaona kumbe ateliye yangu yote inavujia kinywani.

Basi nikaanza. Kuamka na adhana, kwenda robine na bidoni kuchota maji kabla watu hawajajaa, kurudi, kufunga mlango, kushona. Bila neno hata moja. Nilikuwa ninapita nimeinamisha uso, maana nikitabasamu tu, nimekwisha kusema. Na kazi ikaenda! Blauzi nilizokuwa ninaahidi za kesho zikawa zinatoka leo.

Parsele haikufurahi.

"Tazama mademazeli anapita," mke wa mwalimu, jirani yangu, alisema asubuhi moja, anapepea makaa ya mbabula yake. "Anaisha kuwa minisitiri, hasalimie tena batu."

"Umuache," mwalimu akajibu toka ndani. "Pengine meno inamuuma."

Mama wa nyumba inayotazamana na yangu, huyo hakunicheka. Ni mjane, na mtoto aliyebaki naye ni mmoja tu, kijana wa umri wangu, motari wa kubeba watu kwa pikipiki, ambayo sisi tunaiita moto. Kila asubuhi mama huyo alikaa kwenye kibao chake mlangoni. "Jambo, mwana wangu," ananiambia. Mimi nampungia mkono. Nilikuwa nimepanga kumweleza mchana, na mchana kila mara nilikuwa na nguo ya mtu mikononi.

Jioni moja mvua kubwa ilinyesha upande wa bonde la Ruzizi. Kijana wake alikuwa amepeleka mteja Kiringye, na hakurudi. Walimpigia, telefone haikupita. Mama hakulala. Hayo yote mimi sikuyajua, kwa sababu kulala mapema ilikuwa sheria nyingine ya yule jamaa wa kravati.

Asubuhi nikaenda robine kama kawaida. Karibu na pale ndipo motari wanapongojea wateja. Siku hiyo walikuwa wamesimama pamoja chini ya paa, moto zote zimezimwa. Mmoja wao, ambaye kila siku ananipigia kelele "Fundi, suruali yangu iko wapi?", alinitazama akageuza uso. Nikajisemea: vizuri, leo hakuna wa kunijaribu.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama kwenye geti.

"Mwana wangu, unatoka kwa robine?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Bamotari biko pale?"

Ndiyo tena. Alinitazama, anangojea. Nikainamisha uso, nikapita, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Kwetu, mwenye habari ya kifo hasalimii. Hakuna anayetufundisha, tunakua tukiona. Anaingia kimya, hatazami mtu machoni, anapitiliza kumtafuta mwanaume wa kumwambia kwanza. Sijakaa hata kwenye mashine, nikasikia kilio.

"Mama yangu weee! Mutoto wangu! Huyu anajua, anashindwa kusema!"

Nilitoka mbio. Wanawake walikuwa wamekwisha kumshika mikono. Mke wa mwalimu alikuwa amejifunga kikwembe kiunoni kama mtu wa matanga.

"Alikufia wapi?" akaniuliza. "Sema!"

"Nani?" Hilo ndilo neno langu la kwanza siku ile.

"Usitufiche, weye!"

"Minye sijue kitu! Nilikuwa... ile ni saa yangu ya kunyamaza."

"Saa ya nini?"

Mama akanishika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Bamotari banasema nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliona tena zile moto zilizozimwa, na ule uso uliogeuka. Nilikuwa nimesema sijui kitu, kumbe labda macho yangu yalijua. Nikakimbia bila viatu.

"Mwenzenu wa parsele yetu iko wapi?" niliwauliza nikihema.

Walitazamana. Yule wa suruali akasema polepole, "Fundi, tuliogopa kukuuliza kama alirudi. Muto ulikata barabara jana. Banasema moto moja ilibebwa na maji. Nyekundu."

Ya kijana wetu ni nyekundu. Lakini nyekundu ni nyingi.

"Na mwenyewe?"

"Hatujue."

Kurudi nilirudi polepole, ninatafuta namna ya kusema. Karibu na geti nikajikuta nimeinamisha kichwa, vilevile kama mwanzo. Nikakiinua kwa nguvu. Nikaanza kupaza sauti kabla ya kuingia.

"Jambo, mama! Hakuna mutu amesema alikufa! Muto ulikata njia, moto moja ilibebwa, bahajue ni ya nani!"

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaketi chini, mimi kando yake, mkono wake juu ya goti langu. Lakini kilio kilikuwa kimekwisha kutoka nje. Mikeka ilikuwa imetandikwa, mwalimu alikuwa amempigia simu ndugu wa mama kule Makobola, na mwanamke mmoja wa kanisa alikuwa ameanza wimbo.

"Kata hiyo wimbo," mama akamwambia. "Banasema bahajue."

Tukangoja. Jua lilikuwa limepanda upande wa Burundi, na kila aliyeingia getini alianza kulia upya, tukawa na kazi ya kumnyamazisha. Kila moto iliyopita, vidole vyake viliingia kwenye goti langu.

Moja haikupita. Ilikata kona, ikaingia getini. Kijana alikuwa na matope mpaka kifuani, na nyuma yake abiria mwenye matope kama yake. Akaona mikeka, akaona wanawake na vikwembe viunoni. Lakini yeye hakumwona mama yake, maana tulikuwa tumeketi chini katikati ya watu. Akaachia moto ikaanguka.

"Mama! Mama yangu anakufa?"

"Weye ndiye unakufa!" mama akapiga kelele. Alivua kandambili akampiga begani, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akashika shati lile lenye maji na hakuliachia tena.

Alikuwa amelala kwenye mabenchi ya kanisa ng'ambo ya mto, telefone imezima, anangojea maji yapungue. Abiria wake ndiye mwenye ile moto iliyobebwa. Yeye aliogelea.

Ndugu wa Makobola akafika na mihogo na samaki wa matanga, uso ameuandaa tayari.

"Usirudishe hiyo samaki, baba," mke wa mwalimu akamwambia. "Tulilia mpaka njaa."

Tulipokwisha kula, mama akaniuliza nani alinipa ile saa ya kunyamaza. Nikamwonyesha video. Alimtazama yule jamaa wa kravati kwa muda.

"Huyu iko na jirani?"

"Sijue, mama."

"Haiko naye," akasema, akanirudishia telefone.

Bado ninaamka na adhana. Lakini nikifungua mlango ninasema kwanza: "Jambo, mama. Moto yake ninaiona, iko pale." Na kijana akilala njiani, ninatoa mashine nje, ninaiweka kando ya kibao chake, ninashona tukingojea. Mashine inapiga kelele, na mimi pia.