Sale la Eliudi

Fimbo ya kwanza ilimpata Mektrida begani, ya pili shingoni. Hakugeuka. Mwalimu wa zamu alikuwa amemwita kwa jina mbele ya mstari wote, na mtoto akaendelea kuwatazama kunguru juu ya paa la choo.

"Jeuri huyu," alisema mwalimu, akaongeza nyingine. Fimbo ikavunjika. Mektrida alianguka magotini, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio cha mtoto aliyewahi kusikia kilio chake mwenyewe.

Mwalimu Aikaeli alikuwa akivuka uwanja, chaki mkononi. Aliisikia sauti ile akaelewa. Akaudaka mkono wa mwenzake uliokuwa umeinuka tena.

"Hasikii, mwalimu. Unampiga kiziwi."

"Basi apelekwe kwa viziwi wenzake."

Hapakuwa na pa kumpeleka. Shule yao iko tambarare, chini ya Bomang'ombe, kwenye vumbi ambalo walimu wengi hulikimbia kabla viatu havijachakaa. Watoto kama Mektrida walikaa nyuma, wakachapwa kwa kutojibu, hadi wazazi wakachoka kuwaleta. Aikaeli alimhamishia karibu na meza yake, akajifunza ishara chache ambazo mtoto alikuwa amejitungia. Maji yalikuwa kidole kooni. Mama, kiganja shavuni. Shule ilikuwa ngumi ya kulia ikipigwa kwenye kiganja cha kushoto: fimbo.

Kwa sababu ya ishara hiyo Aikaeli aliomba nafasi chuo kikuu, shahada ya uzamili ya elimu ya viziwi. Akapata. Ada ndiyo hakuwa nayo. Mshahara wake ulikuwa tayari unakatwa na benki, kwa mkopo aliouchukua kumtibu baba yake, Mzee Ebenezeri, mwaka aliofariki. Kilichobaki ni miti.

Miti hiyo iko Machame, kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo, nyuma ya migomba na kahawa. Aikaeli alipoanza darasa la kwanza, baba yake alimpandia migrevilea, miti ya mbao, akaizungushia masale, mimea ya majani marefu ya kijani. Kwetu Uchagani sale ndilo ukuta. Penye sale, jembe la jirani linasimama. "Hii ni shule yako," mzee alizoea kumwambia, akilipiga gome kofi kama anayempongeza ng'ombe. Binti hapewi kihamba, kila mtu alijua. Aikaeli alipewa miti, na ardhi iliyo chini ya miti ikanyamaziwa.

Eliudi, kaka yake mkubwa, hakunyamaza.

Jumamosi asubuhi Aikaeli alipanda na Kornel, mnunuzi wa mbao kutoka Moshi mjini, aliyebeba chenso, msumeno wake wa mashine, kibali cha kukata kikiwa mfukoni. Walikuta moshi. Masale yote yalikuwa yameng'olewa, yamerundikwa pamoja na majani makavu ya migomba, yakiungua taratibu na kutoa povu kwenye mashina. Eliudi alikuwa amekaa juu ya jiwe, panga mapajani, ananuka pombe ya jana, mbege ya ndizi.

"Shikamoo kaka."

"Shikamoo yako ibaki tambarare. Nionyeshe mpaka."

"Unaujua."

"Sioni mpaka. Naona shamba la Eliudi." Akamgeukia Kornel. "Na wewe mangi, hiyo chenso ikinguruma hapa utarudi nayo Moshi kwenye gunia moja."

Kornel alicheka, cheko la mtu anayetafuta njia ya kutokea. "Bosi, mimi nimeitwa mbao. Sijaitwa msiba."

"Washa," alisema Aikaeli, akaenda kusimama kwenye mti wa kwanza.

Eliudi alimfuata kwa kofi lililomgongesha kwenye gome. "Mwanamke wa kusoma mpaka mvi. Ulishasoma, ukapata kazi, bado hushibi?" Akamshika nywele, akamvuta chini. Aikaeli alipapasa ardhini, mkono ukakutana na jiwe, akamtwanga nalo juu ya jicho. Nyusi ikapasuka. Damu ilimziba Eliudi uso, na katika upofu ule akainua panga.

Baadaye aliapa kwamba alikuwa akiulenga mti. Huenda. Aikaeli alinyoosha mkono wa kushoto, na panga likapita kwenye kiganja chake kabla ya kuzama kwenye gome. Mwanzoni hapakuwa na damu. Palikuwa na mstari mweupe tu, kama wa chaki. Kisha damu ikaja yote pamoja.

Kornel aliokota gogo akampiga Eliudi begani. Mfupa ulilia kama tawi kavu. Eliudi alikaa chini, akaanza kutapika mbege, na chenso, iliyokuwa imewashwa na kuachwa majanini, ikaendelea kunguruma peke yake.

Aikaeli alishonwa hospitalini Moshi. Daktari alimwambia vidole viwili havitanyooka tena. Polisi walimwambia jambo jingine: akisimama kutoa ushahidi, kaka yake atafungwa.

Kabla hajasimama mahakamani, alikuja Mzee Hosea, baba yake mdogo. Alimkuta nyumbani kwa marehemu, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Mzee alikuwa ameshika sale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimetumwa." Akalinyoosha kwa mikono miwili. "Eliudi anaomba."

Sale ni mpaka, na pia ni msamaha. Mchagga akiletewa sale halikatai, hata kama aliyelituma ameua. Aikaeli alilitazama bila kunyoosha mkono. Wanaoomba hutuma jani moja lililofungwa fundo. Hili lilikuwa shina zima, kichwa cha majani juu, utomvu bado unatoka chini.

"Mbona kamtuma baba na mti mzima?"

"Bega limefungwa, mama. Anatumia mkono mmoja. Hakuweza kuchambua jani wala kupiga fundo, akalikata hivyo hivyo kwa panga." Mzee akashusha sauti. "Pokea, Aika. Ufute kesi. Na miti uiache isimame, tupumzike."

"Sale hili limeombea miti?"

"Limeombea damu."

"Basi damu nimeisamehe." Akalipokea kwa mkono mzima. "Kesi nitaifuta. Twende, baba."

Alitangulia kupita migomba, mzee akimfuata huku akiguna. Pale ambapo masale yalikuwa yameungua, Aikaeli alipiga magoti kwenye majivu, akachimba kwa panga la jikoni, mkono mmoja, udongo ukimrukia usoni. Akalisimika shina, akalishindilia kwa kisigino.

"Unafanya nini wewe?"

"Napanda. Jani lisingeshika. Shina linashika."

"Atakuja aling'oe. Unamjua."

"Aling'oe. Atakuwa amejing'olea msamaha wake mwenyewe, na mimi nitarudi polisi."

Kifua cha Mzee Hosea kikaanza kutikisika, na kicheko chake kilikuwa kikavu. "Ebenezeri," alimwambia marehemu ndugu yake, "umezaa nyoka."

Kornel alirudi na vijana wake. Eliudi alisimama upande wake wa mpaka, bega limefungwa, nyusi imeshonwa, akitazama kila mti ukianguka. Ardhi ilitetemeka hadi kwenye visigino vyake. Mara moja alisogea hadi kwenye sale, akaweka mguu karibu nalo kabisa. Mguu ulikaa hapo. Kisha akautoa.

"Huo mkono utafundishia nini?" alipiga kelele. Chenso ilikuwa inasema.

Ada ililipwa. Siku aliyokwenda kuaga shuleni, Mektrida alimkimbilia, akaona bandeji, akauliza kwa macho. Aikaeli alitaka kumweleza kwamba anakwenda shule, ili arudi na maneno ya kumpa. Alitafuta njia nyingine, hakuiona. Ishara ya shule waliyokuwa nayo ilikuwa moja.

Akakunja ngumi ya kulia, akaipiga kwenye kiganja kilichoshonwa.

Uchungu ulimpanda hadi kwenye meno. Akapiga tena, mtoto asije akakosea. Doa jekundu likachanua kwenye bandeji. Mektrida aliirukia ngumi ile, akaikamata kwa mikono yake yote miwili, akaikumbatia kifuani ili isipige tena.