Ndoa ya Geti la Bandari

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ofisi aliniuliza swali moja tu: "Kazi yako hapa ni nini?" Nilikuwa mama mzima, nimeacha ualimu kwetu Tanga, nimesomea Kichina ukubwani, kwa hiyo nikajibu kwa mbwembwe: kuwatembeza wageni wa meli.

"Hapana," akasema. "Kutembeza anaweza yeyote. Kazi yako ni kuwarudisha. Meli haimsubiri mtu."

Mwanamke mkavu yule, hacheki hata umtekenye. Sote tulimwita Laoban, yaani bosi, na tukimwona tunanyoosha mgongo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli ya watalii ikifika Guangzhou asubuhi huondoka jioni, na mgeni ana mchana mmoja tu wa kuuona mji. Mabaharia nao hutoka kwa zamu, kila mmoja na kibali cha pwani, kikaratasi kinachomruhusu kuvuka geti la bandari na kurudi. Mimi nilipewa wale wa kwetu. Nilijua wanachotaka: nguo za jumla Guangyuan Xilu, kisha wali wa nazi Xiaobei, mtaa wa Waafrika. Mahekalu waliniachia mwenyewe. Miaka hiyo maghorofa yaliota kama uyoga. Ukimwelekeza mtu kwenye duka la vifungo, akienda halipo, wanachimba msingi. Nani alijali? Kila mtu aliamini kesho ni yake.

Basi mpishi wa meli moja, Mzee Hamadi, Mtanga mwenzangu, akanipigia simu kabla hawajafika. Binti yake Rukia alikuwa akisomea udaktari hapohapo Guangzhou, na amechumbiwa na Saidi, mfanyabiashara wa nguo. Harusi waliisogeza mpaka siku meli ya baba itakapopita.

"Dada yangu, nipokee. Unifikishe Xiaobei nikamwoze kwa mkono wangu."

Siku ilipofika, nikamwona anakuja mbio uani mwa bandari, aproni bado kaivaa, boksi la keki mikononi, uso umemshuka. Wapishi wenzake wawili wameugua, na vibali vyote vya watu wa jikoni vimefutwa. Ameruhusiwa kufika getini tu, tena kwa muda mfupi.

Nikampigia Saidi. Shehe aliyekuwa naye, mwanafunzi mwenzake Rukia, akasema dini haina ugumu: baba amteue kwa simu wakili wa kuoza kwa niaba yake, ndoa ifungwe mgahawani, watu wale karamu. Nikamfikishia Mzee maneno hayo kati ya nondo za geti. Loo! Alifura.

"Kuzaliwa kwake niliambiwa kwa simu. Mama yake alipofariki, nikaambiwa kwa simu. Na kumwoza pia kwa simu? Sitaki!"

Akanipa mgongo.

Nikampigia Laoban. "Mgeni asiyetoka getini si mgeni wetu," akajibu. "Rudi ofisini."

Mdomo wangu sikuumbiwa kuufunga. "Laoban, huyu ni baba wa bibi harusi! Siku yenyewe ndiyo leo!"

Nikajua hapa nimejifukuza kazi. Kisha akasema, "Chukua basi dogo la ofisi, ukawalete. Wageni wako wa mchana nitawatembeza mwenyewe."

Niliporudi na watu wa harusi, Mzee alikuwa palepale, kila mara anageuka kuitazama meli. Mlinzi wa geti akasimama mbele yetu: hapiti mtu. Nikamweleza kwa Kichina kwamba hapiti mtu, unapita mkono tu. Akafikiri, akasogea pembeni.

Rukia akasimama mbele ya nondo, hina mpaka viwikoni. Kwa desturi baba humwomba binti idhini, na binti akinyamaza ndiyo amekubali. Mzee akamwuliza. Rukia akainamisha kichwa.

"Kimya chako nakijua, mwanangu, nimekaa nacho miaka yote baharini," Mzee akasema. "Leo sema, nikusikie."

"Nioze, baba."

Akapenyeza mkono kati ya nondo, unanuka vitunguu, Saidi akaushika, na ndoa ikafungwa mbele ya mashahidi. Nikapiga kigelegele, mlinzi akaruka! Keki nayo, wallahi, haikupita kwenye nondo. Mzee aliikata kwake huko akatupitishia kipande kipande. Cha kwanza tukampa mlinzi. Akakipokea kwa mikono miwili, maana hata kwao kitamu cha harusi hakikataliwi.

Baadaye nilipandishwa cheo, nikawa msimamizi wa zamu, kisha nikahamishiwa kitengo cha mizigo, mpaka goti liliponirudisha Tanga. Vijana mnaoingia kazi hii mnaniuliza mgeni wa siku moja apelekwe wapi. Mimi niliwapeleka wengi, minarani na masokoni, wakarudi wakilalamikia miguu. Mzee Hamadi hakuona hata mtaa mmoja. Alipokuwa anarudi melini aligeuka, anajifuta macho kwa aproni, akapaza sauti:

"Dada! Mji wenu huu mzuri! Mzuri sana!"